Mama Anasahau: Mwongozo wa Kutafuta Upungufu wa B12 Kabla ya Kusema "Ni Uzee"

Desemba ile tulipopanda Kibosho, kijijini kwetu mlimani Kilimanjaro, watu kumi na wanne kwenye nyumba ya vyumba vinne, mama alitia chumvi kwenye mtori mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona. Ya pili nikadhani anarekebisha. Ya tatu dada yangu akamshika mkono taratibu, "Mama, umeshatia," na mama akamtazama kama mtu aliyesingiziwa wizi. Mtori tuliula hivyohivyo, watoto wakashinda kwenye ndoo ya maji.

Kilichoninyima usingizi lakini si chumvi, ni ndala. Mama alitoka jikoni kwenda sebuleni, ndala ya kushoto ikabaki kizingitini, naye akaendelea na safari yake mguu mmoja peku. Alifika, akakaa, akaanza kumenya chungwa. Mguu haukumwambia kitu.

Kila mtu nyumbani alikuwa na jibu lake. Shangazi alisema hapo kuna mkono wa mtu, na jirani akamtaja. Kaka alisema uzee, maana mama ana miaka 71. Zahanati moja tuliyompeleka walimpa dawa ya minyoo, wakatuambia umri umeenda. Ikapita miezi minne mingine hadi daktari mmoja wa Moshi mjini alipomuuliza swali ambalo sisi wote hatukuwahi kuuliza: "Mama, dawa ya sukari unakunywa tangu lini?" Damu ilipopimwa, vitamini B12 ilisoma 118, na chini ya 200 tayari ni upungufu.

Mimi si daktari. Ni mtoto aliyebeba faili, akakaa kwenye mabenchi, akauliza maswali mpaka akachokwa. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia Desemba ile.

Tuwekane sawa kwanza

Si kila mzee anayesahau amepungukiwa vitamini. Vijijini wilayani Hai, hapo jirani tu, utafiti uliofanyika karibu na mwaka 2010 kwa watu wa miaka 70 na kuendelea ulikuta takribani watu 6 katika kila 100 wana demensia, yaani ule ugonjwa wa akili kupungua nguvu hadi mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Wengi wao walikuwa na Alzheimer au demensia ya mishipa ya damu ya ubongo. Hizo B12 haiziponyi.

Ila B12 iko kwenye orodha fupi ya mambo yanayofanana na demensia au kuizidisha na ambayo yana dawa. Tena inakwenda na saa. Neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizoumia kwa miezi michache mara nyingi hurudi, zilizoachwa mwaka na zaidi hurudi nusunusu au hazirudi kabisa. Ndiyo maana neno "uzee" lingetamkwa baada ya kipimo.

Elewa safari ya B12, ndipo hatua zote zitaeleweka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa letu kubwa lilikuwa hapa. Tulisema: mama anakula nyama, mama ana ng'ombe wa maziwa bandani, atapungukiwaje?

B12 hutengenezwa na bakteria, na sisi tunaipata kupitia wanyama: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Mnafu hauna, maharage hayana, ndizi hazina. Mtu mzima anahitaji kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku. Ila kuila si kuipata. Ikishuka tumboni imeng'ang'ania protini ya nyama, na tindikali ya tumbo ndiyo inayoibandua. Kisha inahitaji mwenyeji wa kuishika mkono, protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo lenyewe. Wawili hao husafiri pamoja hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na ni pale tu ndipo mlango wa kuingia kwenye damu ulipo.

Sasa hesabu mahali ambapo safari inaweza kukatika. Watu wengi wakizeeka ukuta wa tumbo husinyaa na tindikali hupungua, hasa waliokaa miaka na bakteria wa vidonda vya tumbo. Wengine kinga ya mwili wao wenyewe humshambulia yule mwenyeji. Wengine walikatwa kipande cha tumbo au utumbo. Na wengine, kama mama, wanakunywa dawa inayozuia njia. Nyama iko kwenye sufuria, damu haina habari.

Jambo la pili: ini lina ghala la B12 linaloweza kumbeba mtu miaka mitatu hadi mitano. Kwa hiyo ukiona dalili leo, tatizo lilianza zamani. Usitafute kilichobadilika mwezi uliopita, tafuta kilichobadilika mwaka juzi na juzi yake.

Hatua ya kwanza: kaa naye wiki nzima, tazama, andika

Likizo ya Krismasi inafaa, mradi usiimalize yote kwenye sherehe. Chukua daftari. Usiandike "anasahau", daktari hatapata kitu hapo. Andika tukio na tarehe: alirudia swali lilelile mara ngapi, alisahau sufuria motoni, alipotea njia aliyoizoea, alikosea hesabu ya chenji ya maziwa. Andika pia lini ilianza na kama inapanda polepole au kwa ngazi, leo mzima, kesho kashuka ghafla.

Halafu shuka miguuni. Watu hutazama kichwa tu, kumbe B12 mara nyingi hutoa taarifa kwa miguu. Muulize kama ana ganzi, kama nyayo zinawaka moto usiku, kama anahisi sisimizi au anakanyaga pamba. Kwa kawaida huanza miguu yote miwili kwa pamoja. Mtazame akitembea gizani kwenda msalani. Mtazame akiinama kunawa uso: anayeyumba akifumba macho, macho yake ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia, miguu imekwishaacha kutuma habari. Unaweza kumwomba asimame miguu pamoja, afumbe macho kwa nusu dakika, wewe ukiwa umesimama karibu kabisa mikono tayari. Ukimfanyia hivyo huku unachat kwenye simu akaanguka, umeongeza ugonjwa wa nyonga.

Muombe atoe ulimi. Wa mama ulikuwa mwekundu na laini kama kitambaa cha satini, vile vipele vidogo vya ulimi vimefutika. Alikuwa akilalamika chai inamuunguza, nasi tukawa tunampoozea chai. Angalia weupe wa kope kwa ndani, pumzi inayokatika akipanda mlima, na hali ya moyo wake, maana B12 ikipungua mtu huweza kuwa na huzuni, hasira za ghafla, hata kuona au kushuku mambo ambayo hayapo. Shangazi alidhani mama karogwa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa kumbukumbu, kipimo kizuri kwa wazee wetu kilitengenezwa hapohapo Hai, kinaitwa IDEA, na hakimtaki mzee ajue kusoma. Miongoni mwa maswali yake: leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, daraja ni nini, panga vijiti vya kiberiti kama nilivyopanga mimi, na mwishoni rudia maneno niliyokutajia mwanzo. Alama zake hutolewa na mtu aliyefundishwa. Wewe unachoweza ni kupenyeza swali moja moja kwenye mazungumzo. Mzazi hapigwi mtihani sebuleni mbele ya wakwe. Nilishuhudia kaka akimuuliza mama, "Haya taja wajukuu zako wote!" Mama alinyamaza, akainuka, akaenda kukaa na ng'ombe.

Mambo yasiyosubiri wiki

Kama mzee jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, halali au haamki vizuri, anachanganya mchana na usiku, hiyo si demensia wala vitamini mpaka ithibitike vingine. Malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, dawa mpya. Hospitali leo. Vivyo hivyo mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, au kuchanganyikiwa kulikokuja siku au wiki kadhaa baada ya kuanguka na kugonga kichwa: damu inaweza kuvujia polepole ndani ya fuvu.

Hatua ya pili: mwaga mfuko wa dawa mezani

Kila mzee ana huo mfuko. Wa mama ulikuwa mfuko mweusi wa plastiki chini ya mto, na ndani yake historia ya miaka tisa.

Metformini, dawa ya sukari. Dawa nzuri, na hakuna aliyekosea kumwandikia. Lakini ikitumika miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza B12 inayofyonzwa, na anayeitumia anastahili kupimwa B12 mara kwa mara. Shida ni kwamba ganzi ya miguu kwa mgonjwa wa sukari kila mtu huisingizia sukari, na mara nyingi ni kweli. Zinaweza kuwa zote mbili.

Omeprazoli na ndugu zake, dawa za kupunguza tindikali ya tumbo. Hapa naona aibu, kwa sababu zilinunuliwa na mimi. Mama alilalamika kiungulia mwaka mmoja, nikamnunulia duka la dawa, ikamsaidia, nikawa natuma kwa mabasi kila mwezi kama mtu anayetuma sukari na majani. Daktari alisema zikivuka miaka miwili mfululizo huongeza hatari ya upungufu, na mama alikuwa amekunywa mitano. Ukiziweka pamoja na metformini, umeziba mlango wa mbele na wa nyuma.

Angalia pia isoniazidi ya kifua kikuu, ambayo hula vitamini B6 na kwa kawaida huandamana na vidonge vya B6. Ukikuta isoniazidi bila mwenziwe, uliza. Dawa za kifafa kama fenitoini hupunguza foliki, yaani vitamini B9. Na zile za mafua zinazoleta usingizi, amitriptilini na vidonge vya usingizi hazigusi vitamini, ila huufanya ubongo wa mzee kuwa na ukungu. Nimeona bibi mmoja Majengo aliyerudi katika hali yake kwa kuondolewa tu kidonge cha mafua alichokunywa kila usiku mwaka mzima.

Usimwachishe dawa yoyote wewe mwenyewe. Piga picha kila paketi, peleka.

Na pombe iulizwe bila mahubiri. Mbege ni chakula na ni heshima, ndizi na kimea cha ulezi, lakini mzee anayekunywa kutwa na kula kidogo, au aliyehamia gongo, hupungukiwa vitamini B1. Hiyo ikiisha kwa ghafla huleta mambo matatu: kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kupinda, na kupepesuka hata asipokuwa amelewa. Ni dharura. Apewe B1 kwa sindano, na apewe kabla ya au pamoja na dripu ya sukari, kwa sababu sukari peke yake humaliza hata ile kidogo iliyobaki. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kwenda moja kwa moja. Waambie wahudumu wazi kwamba ni mnywaji. Familia nyingi huficha kwa aibu.

Hatua ya tatu: funua sufuria

Usimuulize "unakula vizuri?" Atasema ndiyo. Kaa jikoni siku tatu.

Nilichokikuta: asubuhi chai ya rangi na kiazi kitamu. Mchana kiburu, ndizi na maharage. Jioni makande. Maziwa ya ng'ombe wake yalikuwa yanauzwa asubuhi kwa mchukuzi, yeye anabaki na kikombe cha chai ya mgeni. Nyama ilikuwepo Jumapili, lakini meno ya nyuma yamekwisha, kwa hiyo vipande aliwapa wajukuu yeye akanywa mchuzi. Mayai ya kuku wake alikuwa akiyaweka "yatotolewe". Mtu akipita haraka angeona ng'ombe, kuku na bucha ya karibu, akasema hapa pana lishe.

Kwa vipimo: maini ya ng'ombe yaliyopikwa, kiasi cha gramu 85, yana B12 kama mikrogramu 70, mahitaji ya karibu mwezi mzima, ingawa mwili huchota kiasi kidogo tu kwa mlo mmoja. Nyama ya kawaida kiasi hichohicho ina kama 2.4. Kikombe cha maziwa kina zaidi kidogo ya 1, na yai moja ni kama nusu mikrogramu. Kwa mzee asiye na meno, maini yaliyopondwa ndani ya mtori mara moja kwa wiki yanapita vizuri. Dagaa wakavu wa soko la Mbuyuni au la Kilombero, wakiondolewa vichwa, wakakaangwa kavu na kusagwa, unga wao hunyunyizwa kwenye mboga yoyote bila kutafunwa. Mtindi kila siku, na kwa watu wa Arusha loshoro, mahindi yenye maziwa mgando, si chakula cha kudharau hata kidogo, maana yale maziwa ndiyo yenye kazi. Mwenye jongo aulize kwanza kabla ya maini na dagaa.

Unga nao uangalie. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka viwanda vya unga wa ngano na mahindi viongeze virutubishi, na nembo yake iko kwenye mfuko. Mahindi yanayosagwa mashineni kijijini mara nyingi hayapiti huko. Na mzee aliyebakiwa na ugali mtupu, akaota ngozi nyeusi ya kubanduka shingoni na mikononi palipopigwa na jua, akaharisha, akachanganyikiwa, muulizie daktari pelagra, upungufu wa naiasini, yaani vitamini B3. Si ya kawaida siku hizi, lakini mzee anayeishi peke yake ndiye haswa inayemtafuta.

Usikae kwenye chakula ukaahirisha kipimo. Chakula hujenga akiba ya mtu ambaye njia yake iko wazi. Iliyozibwa haifunguki kwa maini.

Hatua ya nne: pima kabla ya sindano yoyote

Kosa la pili nililoliona kwa watu wengi: mzee akidhoofika, mtu huingia duka la dawa akatoka na sindano ya "vitamini" au vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Baada ya hapo kipimo cha B12 husoma vizuri na daktari anapotezwa. Damu kwanza. Kama ameshapewa, sema alipewa nini na lini.

Mabaya zaidi ni foliki asidi peke yake. Ikimiminwa kwa mtu aliyepungukiwa B12, damu hupanda, uso ukapata rangi, kila mtu akashukuru Mungu, huku neva za uti wa mgongo zikiendelea kuharibika kimyakimya.

Anzia zahanati au kituo cha afya kwa ajili ya rufaa, halafu hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa walio Moshi, Mount Meru kwa Arusha, na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, kwa yale yaliyoshindikana. B12 haipimwi kila maabara, kwa hiyo piga simu kwanza. Kumshusha mzee kutoka mlimani kwa daladala mbili ili uambiwe mashine haipo ni dhambi. Kama ana miaka 60 au zaidi na hana uwezo, ulizia msamaha wa matibabu kwa wazee kwenye hospitali za serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuweka, na barua au kitambulisho huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Maandalizi hayo yafanye kabla ya siku ya kliniki.

Mbele ya daktari utakuwa na dakika tano tu, hivyo sema kwa mpangilio: "Shikamoo daktari. Mama ana miaka 71, mwaka mmoja sasa anasahau, miguu yote ina ganzi, ndala zinamtoka hajui. Anatumia metformini miaka tisa na omeprazoli mitano. Tunaomba aangaliwe B12." Mpe daftari na picha za dawa. Usimwambie "nimesoma mtandaoni". Mwache mzee ajibu ya kwake kwanza, wewe ujazie.

Vipimo vyenyewe: picha kamili ya damu, ile wanayoiita FBP. Humo tazama mstari wa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ikizidi 100, B12 au foliki zinashukiwa. Lakini MCV ya kawaida haimsafishi mtu, kwa sababu akipungukiwa na madini ya chuma pia, chembe ndogo na kubwa huchanganyika, wastani ukatoka mzuri. Na wapo ambao neva zimeshaumia na damu haijashuka hata kidogo; mama alikuwa na damu 12, kiwango cha kawaida kwa mwanamke.

Kisha B12 yenyewe. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. 200 hadi 300 ni eneo la mashaka, na mwenye dalili hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu amesoma 240. Soma kizio kilichoandikwa, kwa kuwa maabara nyingine hutumia pikomoli kwa lita, na huko mpaka ni karibu 148. Kipo kipimo cha kuthibitisha, asidi ya methilimaloniki, ambacho si rahisi kukipata. Daktari wengi wakiona dalili na namba ya mashaka huanza tiba, na nadhani wako sahihi.

Mwombeni apime kwa mkupuo huohuo homoni ya tezi ya shingo, sukari, figo na chumvi za damu, VVU na kaswende. Msione haya. Zote hizo zinaweza kumsahaulisha mtu na zote zina matibabu. Masikio yachunguzwe nta, macho mtoto wa jicho. Mzee asiyesikia swali hawezi kulijibu.

Hatua ya tano: tiba, na kalenda ukutani

Mwenye dalili za neva kwa kawaida hupewa sindano. Mama alipewa mikrogramu 1,000 siku moja ndiyo, siku moja siyo, kwa wiki tatu, kisha kila baada ya miezi miwili. Ratiba hutofautiana kulingana na aina ya dawa na hospitali, ila mwanzo mzito na mwendelezo mrefu ndio mtindo. Vidonge vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kila siku navyo hufanya kazi hata kwa ambaye njia imeziba, kwa sababu kama asilimia 1 hupenya yenyewe bila mwenyeji. Tazama namba kwenye chupa. Vidonge vingi vya "multivitamini" vina mikrogramu chache tu, na kwa ugonjwa huu ni sawa na kumwagilia shamba kwa kijiko. Tena ile michanganyiko yenye B6 nyingi isitumike miaka, B6 ikizidi nayo huleta ganzi.

Matarajio: nguvu na hamu ya kula huja ndani ya wiki chache. Damu hukaa sawa ndani ya miezi kama miwili. Aliyekuwa na upungufu mkali wa damu afuatiliwe siku za mwanzo, maana potasiamu huweza kushuka mwili unapoanza kutengeneza damu kwa kasi. Miguu ni miezi, hadi mwaka, na mwanzoni kuwaka moto kunaweza kuzidi. Mama alitaka kuacha wiki ya pili kwa sababu hiyo. Akili huja polepole, na pengine haiji yote.

Kinachoangusha watu ni mwezi wa nne. Mzee kapata nafuu, watoto wamerudi Dar, sindano zinasahaulika. Kama chanzo ni ufyonzaji, tiba ni ya maisha. Tuliandika tarehe zote za mwaka kwenye kalenda ya parokia kwa kalamu nyekundu, tukampa mama mdogo jukumu na nauli yake. Omeprazoli daktari aliipunguza hadi ikakoma. Metformini ilibaki.

Kama namba imetoka nzuri, au sindano hazikubadilisha kitu

Basi mnarudi kwenye demensia yenyewe, na hapo jihadharini na wauza virutubisho. Wanaopita na mabegi ya makopo wakisema vitamini zinafufua ubongo wanachanganya mambo mawili. Kumtibu aliyepungukiwa ni jambo moja. Kummiminia asiyepungukiwa ni jingine, na limeshapimwa: mwaka 2014 watafiti waliunganisha majaribio 11 yenye watu kama 22,000, vitamini B zikashindwa kuonyesha faida ya maana kwa akili za wazee kwa ujumla. Kweli jaribio moja la Oxford, la mwaka 2010, lilionyesha ubongo kusinyaa polepole zaidi kwa wazee walioanza kusahau ambao damu yao ilikuwa na homosisteini nyingi, kemikali inayopanda B12 au foliki zikipungua, na mjadala haujafungwa. Haitoshi kumuuzia mtu kopo. Vitamini D vivyo hivyo: wenye upungufu huonekana kupata demensia zaidi, lakini vidonge havijathibitishwa kuizuia. Mzee anayefungiwa ndani kutwa atolewe barazani, jua la huku halina bei, na mifupa yake itafaidi hata kama kumbukumbu haitafaidi.

Fedha ya makopo iende kwenye presha, sukari, kifaa cha masikio, na mtu wa kuzungumza naye. Huko ndiko ushahidi ulipo zaidi.

Mama amefikisha mwaka na miezi mitatu tangu aanze sindano. Ulimi umerudi, chai anaikunywa ya moto. Chumvi anatia mara moja. Hesabu ya maziwa alimnyang'anya mama mdogo mwezi wa sita na hajaikosea. Majina ya wajukuu wawili wa mwisho bado yanamkimbia, na mguu wa kushoto kuanzia kifundoni kushuka hausikii vizuri. Daktari anasema huo pengine ndio utabaki hivyo. Ndala tulizitupa. Nilimnunulia Kiboriloni viatu vya mtumba vyenye mkanda wa kisiginoni, ngozi laini, soli ya kushika. Anasema vinambana.